Mbwa, Kanga na Ardhi ya Umma: Yale Mkazi wa Thika na Ruiru Anapaswa Kujua

Mtu anayetoka na mbwa wake Jumapili asubuhi kufuata kanga kwenye vichaka vya mto Ndarugu anagusa sheria tatu kabla mbwa hajabweka. Mbwa yuko chini ya serikali ya kaunti. Ndege yuko chini ya serikali ya taifa. Nayo ardhi anayoikanyaga ina mwenyewe, hata kama haina ua wala bango.

Wakazi wengi wanajua moja kati ya hayo matatu, na wachache wanajua yote. Kutojua kuna gharama. Kijana anaweza kufikishwa mahakamani kwa sababu ya ndege mmoja wa kitoweo. Mtoto anaweza kupoteza maisha kwa kuumwa na mbwa ambaye hakuchanjwa. Somo hili linaeleza kila sehemu kwa zamu yake, kisha linaonyesha njia halali zilizopo. Linaweza kusomwa nyumbani, katika kikundi cha vijana au katika baraza la chifu.

1. Uwindaji wenyewe ni upi?

Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini, kuwinda ndege wa nchi kavu kwa kutumia mbwa ni mchezo wa miaka mingi. Mbwa hufundishwa kazi maalumu. Wapo wanaonusa ndege aliyejificha majani, kisha wakasimama kimya wakiwa wameelekeza pua mahali alipo. Wapo wanaomfurusha aruke. Wapo wanaomwendea ndege aliyeanguka na kumleta kwa bwana wao bila kumtafuna. Marekani ina mamilioni ya ekari za ardhi ya umma ambako mtu mwenye leseni anaweza kuwinda hivyo katika msimu uliowekwa, kwa idadi iliyowekwa. Tangu mwaka 1937, sheria ya huko inatoza kodi maalumu kwa bunduki na risasi, na fedha hizo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori.

Jirani zetu nao wana utaratibu wao. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii na wa wenyeji kwa leseni. Uganda ilianza tena kuruhusu uwindaji wa aina hiyo kwa majaribio mwaka 2001, katika eneo linalozunguka Ziwa Mburo.

Haya yanahitaji kutajwa kwa sababu video za uwindaji wa namna hii zinapatikana kwenye simu ya kila mtu. Kijana wa Juja au Kimbo akiziona, anaona mbwa, kichaka na ndege, vitu ambavyo hata kwao vipo. Kisichoonekana kwenye video ni leseni, msimu, na sheria ya nchi ile. Sheria ya Kenya ni tofauti.

2. Tulifikaje hapa?

Eneo la Thika na Ruiru lina historia ndefu ya uwindaji. Simulizi za Wagikuyu wa Kiambu zinawataja Waathi, wawindaji wa msituni, kuwa miongoni mwa waliokaa nchi hii kabla ya mashamba kufunguliwa.

Wakati wa ukoloni, mbuga kati ya Nairobi na Thika zilijulikana mbali kwa wingi wa wanyama. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alifikia katika shamba la Juja la tajiri William Northrup McMillan na kuwinda huko. Katika safari yake nzima ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Enzi hizo mgeni mwenye leseni na bunduki aliitwa mwanamichezo. Mwafrika aliyewinda kwa mbwa, mshale au mtego aliitwa jangili. Kumbukumbu hiyo bado ipo, na ndiyo moja ya sababu watu wengine huiona sheria ya wanyamapori kama sheria ya wakubwa.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Tarehe 20 Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji kote nchini. Ndege wa kuliwa walibaki nje ya marufuku hiyo, kwa hiyo wenye leseni waliendelea kuwapiga kwa bunduki katika maeneo yaliyotengwa. Ndiyo maana wazee wengine watasema, na kwa kweli, kwamba walijua watu waliokuwa na leseni ya kuwinda kanga na kwale.

Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Yeyote anayetegemea kumbukumbu za leseni za zamani anapaswa kusoma sehemu inayofuata kwa makini.

3. Ndege: sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Uwindaji na ulinzi wa wanyamapori umewekwa upande wa serikali ya taifa. Msimamizi wa kila siku ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ofisi ya kaunti, ya wadi au ya chifu haina uwezo wa kumpa mtu ruhusa ya kuwinda ndege. Anayeuza "kibali" cha namna hiyo ni tapeli.

Sheria ya 2013 inaposema wanyamapori, inamaanisha mnyama yeyote wa porini wa asili, na ndege wamo. Kanga wa porini, kwale, tombo na njiwa pori wote wanahesabiwa. Mambo matatu katika sheria hiyo yanamhusu mtu mwenye mbwa:

Kwanza, kifungu cha 96 kinafanya uwindaji wa michezo au wa kujiburudisha kuwa kosa. Hapa sheria haitofautishi bunduki ya thamani na manati, wala mbwa wa kizazi na mbwa wa mtaani.

Pili, kifungu cha 97 kinafanya uwindaji wa kitoweo cha nyumbani kuwa kosa pia. Kama sheria ilivyopitishwa mwaka 2013, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Hesabu ni rahisi: kwa pesa hizo familia ingenunua kuku kwa miezi mingi.

Tatu, kuwinda kwa ajili ya kuuza nyama ya porini, au kukutwa na nyama hiyo, kunaadhibiwa vikali zaidi. Aliyeuziwa kanga wa porini kando ya barabara naye yumo hatarini, si aliyemkamata peke yake.

Zaidi ya hayo, bunduki ya aina yoyote inahitaji cheti chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Bunduki ya kujitengenezea haiwezi kupata cheti hicho.

Kuna wanaouliza: "Je, ikiwa mbwa alimkamata ndege mwenyewe, bila kutumwa?" Mbwa kumfukuza ndege kwa bahati mbaya ni jambo moja. Kumtoa mbwa kwa makusudi, kumshangilia afukuze, kisha kubeba windo nyumbani ni jambo jingine, nalo ndilo uwindaji. Njia salama ni kumwita mbwa, kumfunga kamba na kuondoka. Ndege aliyejeruhiwa aripotiwe kwa KWS. Asipelekwe jikoni.

4. Ardhi: "haina mwenyewe" si kweli

Kwa miaka mingi mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yalizunguka Thika na Ruiru, na kati yake kulikuwa na vichaka vipana. Leo mengi ya mashamba hayo yamegawanywa kuwa ploti. Vichaka vilivyobaki viko zaidi kando ya mito, kandokando ya barabara, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa na kuzunguka mabwawa.

Ibara ya 62 ya Katiba inaeleza ardhi ya umma ni ipi. Mito, maziwa, barabara, misitu ya serikali na mbuga za taifa zimo, na zinashikiliwa na serikali ya taifa kwa niaba ya Wakenya wote. Ardhi nyingine ya umma, kwa mfano ile ya serikali ambayo haijagawiwa mtu, inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Katika hali zote mbili, neno "umma" linamaanisha kwamba mkazi ana haki katika ardhi hiyo pamoja na wenzake. Haimaanishi kwamba kilichomo ni cha wa kwanza kufika.

Mkazi anaweza kutembea na mbwa wake kando ya mto palipo na njia ya umma. Hawezi kuwinda hapo, kuchoma kichaka ili ndege watoke, wala kutega waya. Waya uliotegewa kanga hunasa pia mbwa, mbuzi na mguu wa mtoto anayeteka maji.

Akivuka na kuingia shamba la mtu bila ruhusa, hata kama halina ua, anaongeza kosa la kuingia katika ardhi ya mwenyewe. Na katika mbuga za taifa hairuhusiwi kuingia na mbwa. Kwa wakazi wa Thika, ya karibu zaidi ni ile ya Ol Donyo Sabuk, mlima wa Kilimambogo unaoonekana ng'ambo ya Athi katika Kaunti ya Machakos.

5. Mbwa: hapa kaunti inahusika moja kwa moja

Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, na limetaja wazi utoaji wa leseni za mbwa. Mwenye mbwa Thika au Ruiru ana majukumu manne: leseni, chanjo, kumzuia mbwa asizurure, na kumtunza bila ukatili. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mbwa na kuwapiganisha wanyama. Mbwa anayenyimwa chakula siku mbili "ili awe mkali porini" anateswa.

Chanjo ndiyo jambo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na hakijaondoka tangu hapo. Duniani, takriban visa 99 kati ya 100 vya ugonjwa huu kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha.

Mbwa wa kuwinda yuko hatarini kuliko mbwa wa nyumbani. Huko vichakani hukutana na bweha, nguchiro na mbwa koko, na wote wanaweza kubeba kirusi. Anarudi jioni na mkwaruzo ambao hakuna aliyeuona, halafu anacheza na watoto uani. Dalili kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi kabla ya kuonekana, kwa hiyo siku ya kuumwa huwa imesahaulika.

Kenya imejiwekea mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo unategemea kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka. Mtoto wa mbwa apelekwe kupata chanjo akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwenye mbwa ahifadhi cheti. Mbwa akimuuma mtu, cheti hicho ndicho kitu cha kwanza kitakachoulizwa.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa:

- Oshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hatua hii pekee hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa.
- Aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.
- Asipake pilipili, mafuta, majivu wala udongo kwenye jeraha.
- Amalize dozi zote alizopangiwa, hata jeraha likipona.
- Afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe ili mbwa afuatiliwe. Mbwa asiuawe na kuzikwa kabla afisa hajajulishwa.

6. Kinachopotea na kinachoingia kwenye sufuria

"Kanga ni wengi," husemwa. "Mmoja atapungua nini?" Wahenga walijibu: bandu bandu huisha gogo.

Kanga na kwale hutaga chini, katika kishimo kidogo kilichofichwa na majani. Kanga hulalia mayai yake kwa takriban siku 27, na kipindi hicho mara nyingi huangukia majira ya mvua, wakati majani yamekuwa marefu. Mbwa mmoja asiyefungwa anaweza kuharibu viota kadhaa kwa asubuhi moja bila mwenyewe kuona hata yai moja. Vifaranga hawawezi kuruka siku zao za kwanza, na mama akiuawa hawadumu. Kundi la kanga likiwa limebaki kwenye kichaka kimoja kati ya mitaa ya nyumba, halina mahali pa kutoka ndege wengine wa kujaza nafasi.

Ndege hawa wana kazi. Kanga hula wadudu, kupe na mbegu za magugu. Ni kweli pia kwamba hufukua mahindi yaliyopandwa, na mkulima ana haki ya kulalamika. Dawa ya hilo ni kulinda shamba asubuhi na jioni katika siku chache za kwanza hadi mbegu zichipue, kuzifukia vizuri, na kutumia kamba za vitu vinavyong'aa au kupiga kelele.

Sumu haifai kamwe. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji walijulikana kutumia dawa ya wadudu ya karbofurani kuwaua ndege na kisha kuwauza kwa chakula. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kuchemsha. Inamdhuru mlaji, mbwa anayepewa utumbo, na tai anayekula mabaki. Mtu anayenunua ndege wa porini hana namna ya kujua alikufa kwa nini.

7. Njia halali zilizopo

Anayependa nyama ya kanga au tombo anaweza kuwafuga, lakini kwa kibali cha KWS, na kwa kununua vifaranga au mayai kutoka kwa mfugaji mwenye kibali. Kuokota mayai porini ni kosa. Kabla ya kuwekeza, akumbuke msisimko wa mayai ya kware wa mwaka 2013 na 2014: bei ilipanda sana, wengi wakakimbilia kufuga, na muda mfupi baadaye soko likaanguka. Aanze na soko, kisha ndege.

Anayependa kumfundisha mbwa anaweza kufanya hivyo bila kuwinda. Kifurushi cha kitambaa kikirushwa na kufichwa majanini, mbwa hujifunza kunusa, kusubiri amri na kuleta, kazi zile zile za mbwa wa ndege. Mbwa wenye ujuzi huo ni walinzi bora, na kijana anayejua kuwafundisha ana kazi mkononi katika mitaa inayozidi kujengwa. Mafunzo yafanyike kwenye uwanja ulio wazi, mbali na vichaka vya ndege, hasa majira ya mvua.

Anayejua kanga analala mti upi na kwale anatagia wapi ana maarifa ambayo wageni hulipia. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na watazamaji wa ndege hutoka mbali kuja kuwaona. Chama cha Nature Kenya kimekuwa kikiandaa matembezi ya kutazama ndege kwa miaka mingi. Macho yaliyozoea kuwinda ni mwanzo mzuri wa kazi ya kuongoza watalii.

Kuhusu leseni na chanjo ya mbwa, mkazi aone afisa wa mifugo wa wadi au wa kaunti ndogo. Kuhusu mitego, sumu au ndege aliyejeruhiwa, aarifu KWS, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Anayeona mtego wa waya akumbuke mahali ulipo na kutoa taarifa mapema.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ofisi ya wadi inaweza kushughulikia leseni ya mbwa lakini haiwezi kutoa kibali cha kuwinda kanga?
2. Jirani anasema babu yake alikuwa na leseni ya kuwapiga kwale. Je, maneno yake ni ya kweli? Yanabadilisha nini leo?
3. Mtoto wa miaka saba amekwaruzwa na mbwa aliyerudi kutoka kichakani. Mbwa anaonekana mzima. Hatua ya kwanza ni ipi, na ya pili?
4. Muuzaji anakuletea ndege watatu wa porini kwa bei nafuu. Taja hatari mbili za kuwanunua, moja ya kisheria na moja ya kiafya.
5. Katika mtaa wako, kichaka cha mwisho chenye ndege kiko wapi, na ardhi hiyo inashikiliwa na nani?